Moshi ni wa Nani?

Mwaka 2012, katika siku moja tu, nilifanya mambo mawili yasiyopatana hata kidogo. Wala sikuona kwamba hayapatani mpaka nilipoambiwa na mtu ambaye sikumtazamia kunifundisha kitu.

Asubuhi ya siku hiyo nilikuwa kwenye semina ya mazingira, katika hoteli moja jijini Dar es Salaam. Wakati huo nilikuwa bado kazini, mwalimu aliyetolewa darasani akapewa meza ya ofisi. Ukumbi ulikuwa umepozwa kwa viyoyozi hata baadhi ya akina mama walijitanda mitandio mabegani kwa baridi. Zamu yangu ya kuchangia ilipofika nilisimama nikasema, kwa sauti ya mtu mwenye hakika, kwamba katika habari hii ya kupanda kwa joto la dunia sisi Waafrika hatuna hatia. Nilitoa na hesabu. Mtanzania, kwa wastani, hatoi hata robo tani ya hewa ya ukaa kwa mwaka kutokana na mafuta, gesi na makaa ya mawe. Mmarekani hutoa zaidi ya tani kumi na tano. "Sasa sisi tudaiwe nini?" niliuliza. Nilipigiwa makofi. Tukala chakula cha mchana, tukasaini karatasi ya posho, tukatawanyika.

Jioni nilisimamisha gari kwenye genge la mtaani kwetu ninunue nyanya. Kando ya genge hilo yupo mama auzaye mkaa. Mtaani tunamwita Mama Mkaa, naye huitika. Siku hiyo alikuwa ameshushiwa magunia kumi na kitu, yamesimama kwenye mstari kama watu wanaosubiri daktari. Mimi, semina ikiwa bado inanichemka kichwani, nikamwambia: "Mama, hivi unajua kwamba biashara yako hii inamaliza misitu ya nchi?"

Hakukasirika. Alifuta mikono kwenye khanga, akalitazama gari langu lililokuwa likinguruma pembeni, maana sikuwa nimelizima, kisha akauliza: "Kwani hilo lako, Mwalimu, linakunywa maji?"

Watu waliokuwapo gengeni walicheka. Nami nilicheka, maana mtu mzima akipigwa hivyo mbele za watu hana budi kucheka. Lakini usiku sikupata usingizi mapema. Nilikuwa nimeanza kuona kilichotokea. Asubuhi, mbele ya wageni, nilijificha nyuma ya mama huyu. Ule wastani mdogo niliojivunia ulikuwa mdogo kwa sababu yake na ya mamilioni walio kama yeye. Jioni, mbele ya majirani, nikamshitaki. Nyani haoni kundule.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza swali ambalo nataka tulitafakari pamoja, ndugu msomaji: moshi wa nchi ni wa nani? Tunaposema nchi fulani inachafua hewa na nchi fulani haichafui, tunamsifu nani na kumlaumu nani? Na je, sifa hiyo au lawama hiyo ina haki ndani yake?

Kabla ya kufika kwenye haki, yafaa tujue moshi wenyewe unatoka wapi. Mtaalamu mmoja wa Kijapani, Yoichi Kaya, aliipanga habari hii kwa njia ambayo hata asiyependa hisabati anaweza kuifuata. (Jina lake, kwa bahati tu, ni neno letu la nyumba moja na watu wake.) Alieleza kwamba hewa ya ukaa inayotolewa na nchi ni zao la mambo manne yanayozidishwa moja kwa jingine. La kwanza ni idadi ya watu. La pili ni pato la kila mtu. La tatu ni kiasi cha nishati kinachotumika ili kupata kila shilingi ya pato hilo. La nne ni kiasi cha ukaa kilichomo katika nishati hiyo. Badilisha moja, na jumla yote hubadilika.

Tuanze na watu, maana ndilo jambo ambalo wengi hulikimbilia. Sensa ya mwaka 1967 ilitukuta Watanzania milioni 12.3, ile ya mwaka 2022 ilitukuta milioni 61.7. Tumeongezeka mara tano katika umri wa mtu mmoja, na mimi nimeyaona kwa macho: nilipokwenda kuogelea utotoni leo pana maduka na stendi ya bodaboda. Hata hivyo wingi peke yake hauelezi mengi. Ethiopia ina watu zaidi ya milioni mia moja, Australia hawafiki milioni thelathini, na bado moshi wa mafuta na makaa ya mawe wa Australia unauzidi ule wa Ethiopia kwa mbali sana. Mtoto anayezaliwa haji na moshi wake. Hupewa na maisha atakayoyakuta.

Jambo la pili, pato, lina nguvu zaidi, na lina mfano wa kusikitisha. Muungano wa Kisovieti uliposambaratika mwaka 1991, hewa ya ukaa iliyotolewa na Urusi ilipungua kwa zaidi ya theluthi moja katika muongo uliofuata. Ukiangalia chati tu unaweza kudhani taifa zima lilitubu. Halikutubu. Viwanda vilifungwa, watu walikaa miezi bila mshahara, na umri wa kuishi wa wanaume ulishuka chini ya miaka sitini. Tuliona jambo linalofanana nalo mwaka 2020, dunia ilipojifungia ndani kwa sababu ya korona: moshi wa dunia ulishuka kwa kiasi cha asilimia tano, na mwaka uliofuata, milango ilipofunguliwa, ukarudi karibu pale pale.

La tatu ni matumizi ya nishati kwa kila shilingi, na hapo ndipo desturi na mipango ya jamii inapoingia. Watu wawili wanaweza kuwa na pato lile lile, mmoja akaenda kazini kwa basi, mwingine kwa gari lake peke yake. Miji mingi ya Marekani ilitandazwa kwa kudhani kila mtu ana gari, na sasa asiye na gari humo ni kama kilema. Kwetu Dar es Salaam mabasi ya mwendokasi yalianza mwaka 2016, na treni ya umeme ya kwenda Morogoro na Dodoma ilianza mwaka 2024. Kabla ya hapo, mtu aliyetaka kufika kwa heshima alinunua gari lililokwisha kutumika Japani, akakaa nalo kwenye foleni. Nasema "kwa heshima" kwa makusudi. Gari langu lile sikulinunua kwa sababu ya umbali. Nililinunua kwa sababu wenzangu wa cheo changu walikuwa nayo, na mkwe wangu aliwahi kuniuliza, kwa upole, kama bado napanda daladala.

La nne ni ukaa ulio ndani ya nishati yenyewe. Ufaransa na Ujerumani ni majirani wenye maisha yanayokaribiana, lakini Mfaransa wa kawaida hutoa hewa ya ukaa pungufu sana kuliko Mjerumani. Je, Wafaransa ni wacha Mungu zaidi? La. Bei ya mafuta ilipopanda ghafla mwaka 1973, serikali yao iliogopa, na mwaka 1974 ikaamua kujenga vinu vya nyuklia kwa wingi. Hofu ya kukosa mafuta ndiyo iliyowapa hewa safi. Habari ya joto la dunia haikuwa imeingia kwenye mazungumzo ya wanasiasa. Wajerumani walikuwa na makaa ya mawe chini ya miguu yao, wakayachoma. Majirani zetu wa Kenya nao hupata sehemu kubwa ya umeme wao kwa mvuke wa ardhini, kazi iliyoanza Olkaria mwaka 1981, kwa sababu Bonde la Ufa limepita kwao. Hakuna aliyelichimba bonde lile kwa wema wake.

Liko na jambo la tano ambalo hesabu ya nchi moja moja hailionyeshi. China ilijiunga na Shirika la Biashara la Dunia mwaka 2001, na haikupita miaka mingi ikaipita Marekani kwa jumla ya hewa ya ukaa. Lakini viwanda vile havikuwa vinawatengenezea Wachina peke yao. Sufuria ninayopikia, redio iliyo mezani pangu na feni inayonipepea ninapoandika haya zimetoka huko. Moshi wake umeandikwa kwenye daftari lao. Kitu chenyewe kiko nyumbani kwangu.

Basi tukiyaweka haya yote pamoja, twaona kwamba moshi wa nchi unatokana na historia yake, mifuko yake, milima yake, hofu zake na majivuno yake. Tabia njema au mbaya ya raia mmoja mmoja ni sehemu ndogo. Hapo ndipo mtu anaweza kusema: kama ni hivyo, hakuna wa kulaumiwa, tulale. Mimi nadhani sivyo, na sababu yangu nimeipata katika jambo tunalolijua tangu utoto.

Mwezi wa Ramadhani ukiingia, mtu huamka usiku, hula daku, hutia nia, kisha hushinda bila kula wala kunywa. Huyo amefunga. Lakini yuko mwingine ambaye naye ameshinda bila kula, kwa kuwa chungu chake hakikuwa na kitu. Tumboni wote wawili wana njaa ile ile. Ukiwapima kwa mizani huenda uzito wao ukawa mmoja. Hata hivyo hakuna mtu mwenye akili, awe Mwislamu au Mkristo, atakayesema wamefanya jambo moja. Mmoja amefunga, mwingine amekosa. Kufunga kunahitaji chakula unachoweza kukila na ukakiacha.

Kwa muda mrefu sisi katika nchi maskini tumekuwa tukihesabu kukosa kwetu kama kufunga. Nilipopigiwa makofi pale hotelini nilikuwa najisifia saumu ya mtu mwingine. Robo tani ile si ushahidi wa busara yetu wala wa kuipenda kwetu dunia. Ni ushahidi wa nyumba zisizo na umeme, wa mashamba yanayolimwa kwa jembe la mkono, wa mtoto anayesomea kibatari. Ajabu ni kwamba mtu yule yule anayejivunia udogo wa moshi wetu hujivunia pia barabara mpya na viwanda vipya, wala hasikii hoja hizo mbili zikigongana.

Basi nafikia kusema hivi: moshi hupimwa kwa tani, lakini lawama hupimwa kwa nafasi ya kuchagua. Asiye na njia nyingine hana saumu, na kwa sababu hiyo hiyo hana dhambi ya kula. Mwenye njia tatu mbele yake, akachukua ile yenye moshi mwingi kwa sababu ni laini zaidi, huyo ndiye mwenye la kujibu. Mwanafalsafa wa Kimarekani Henry Shue aliandika mwaka 1993 kwamba moshi wa kujikimu na moshi wa anasa haviwezi kuwekwa kwenye kapu moja. Miaka miwili kabla yake, Wahindi wawili, Anil Agarwal na Sunita Narain, walikuwa wamelalamikia hesabu zilizochanganya gesi itokayo kwenye majaruba ya mpunga ya maskini na moshi wa magari ya matajiri. Naona walisema kweli.

Lakini ukweli huo una ncha mbili, na ya pili inatuchoma sisi.

Kwanza, kutokuwa na lawama si kutokuwa na madhara. Ile robo tani ni ya mafuta, gesi, makaa ya mawe na saruji. Moshi wa misitu inayokatwa na kuchomwa huandikwa kwenye daftari jingine, na katika daftari hilo sisi si wadogo: hesabu za serikali zimetaja zaidi ya hekta 400,000 za misitu zinazopotea kila mwaka. Nyingi hugeuzwa mashamba, lakini mkaa nao una sehemu yake. Kwa matanuri yetu ya udongo inaweza kuchukua tani tano, hata kumi, za kuni kupata tani moja ya mkaa. Mti uliokatwa na mwenye njaa haurudi kwa sababu mkataji alikuwa na njaa. Na moshi wa jikoni hauulizi nani mwenye haki kabla ya kuingia mapafuni mwa mpishi. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 katika mwaka 2020, na wengi wa wanaouvuta ni akina mama na watoto. Kumwambia Mama Mkaa kwamba hana hatia, kisha kumwacha pale pale, ni namna nyingine ya kumdhulumu.

Pili, tuulize: nani aliyemnyima nafasi ya kuchagua? Rahisi ni kujibu kwamba ni wakoloni na nchi tajiri, na jibu hilo lina ukweli mwingi. Kituo cha umeme wa makaa ya mawe cha Holborn Viaduct, London, kilianza kazi mwaka 1882. Kituo cha mwisho cha aina hiyo nchini Uingereza kilizimwa Septemba 2024. Miaka mia moja arobaini na miwili waliota moto huo, wakajenga hospitali, reli na vyuo, na hewa ya ukaa ya mwaka 1882 bado sehemu yake iko juu yetu, maana haiishi upesi. Marekani peke yake imetoa karibu robo ya hewa yote ya ukaa ya mafuta na makaa ya mawe tangu viwanda vianze. Bara zima la Afrika halifikii hata sehemu moja ya ishirini. Mataifa yalipokutana Rio de Janeiro mwaka 1992 yalikubaliana kwamba wajibu ni wa wote lakini haulingani. Yule aliyekula kwanza na kushiba, akakuta chakula kimebaki kidogo, hawezi kusimama mlangoni na kuwahubiria wanaoingia faida za kula kidogo. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Deni lipo, na kulidai si kuomba.

Lakini si kila mlango umefungwa na mgeni. Benki ya Dunia iliandika kwamba kati ya mwaka 2001 na 2007 kaya za Dar es Salaam zilizotumia mkaa zilipanda kutoka asilimia 47 hadi 71. Watu hawakuupenda mkaa ghafla. Walipiga hesabu. Anayepata riziki yake kwa siku hununua moto wake kwa siku, na mkaa hukubali kununuliwa kwa kopo. Mtungi wa gesi haukubali. Unataka fedha nyingi kwa mkupuo. Aliyebanwa zaidi hulipa ghali zaidi, kwani makopo yanayotoka katika gunia moja yana bei kubwa kuliko gunia lenyewe.

Mwaka 2006 serikali ilipiga marufuku uchomaji na usafirishaji wa mkaa. Bei ikaruka, mkaa ukapita kwa njia za usiku, na amri haikudumu. Kisha likaja jambo la mwaka 2011, ambalo nalikumbuka kwa sababu lilinifurahisha. Wafanyabiashara walikuwa wakichakachua dizeli kwa mafuta ya taa, yaliyokuwa rahisi, na magari yakaharibika. Serikali ikapandisha sana ushuru wa mafuta ya taa ili uchakachuaji usiwe na faida. Tuliokuwa na magari tulishukuru. Lakini mtaani kwetu majiko ya mchina, yale ya utambi, yalianza kupandishwa juu ya makabati moja baada ya jingine, na mstari wa wanunuzi mbele ya Mama Mkaa ukarefuka. Hakuna aliyekusudia hivyo. Injini zetu zilipona, na gharama yake ikalipwa msituni. Mwaka mmoja baadaye ndipo nilipomwuliza yule mama kama anajua anachokifanya.

Hapa ndipo nilipofanya hesabu ambayo ningepaswa kuifanya kabla ya kusimama kwenye ile semina. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa kiasi cha kilo 2.3 za hewa ya ukaa. Gari langu lilikula lita nne kwa siku, siku mia tatu kwa mwaka, yaani lita 1,200. Zidisha, utapata karibu tani mbili na robo tatu. Mimi peke yangu, kwa gari tu, bila kuhesabu umeme, nilikuwa na moshi wa mafuta wa Watanzania zaidi ya kumi. Wastani wa nchi ulikuwa mdogo kwa sababu mimi na wenzangu ni wachache. Tulivaa umaskini wa wengine kama mtu anayeazima kanzu ya kwendea msikitini.

Naona jambo hili litakuwa kubwa zaidi kwa wajukuu wetu. Bwawa la Julius Nyerere, lenye megawati 2,115, lilianza kuzalisha umeme mwaka 2024. Gesi yetu ya asili ipo, makaa ya mawe yapo, na wapo wanaotaka yote yachimbwe upesi. Mwaka huo huo wa 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, ukilenga kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati hiyo. Yaani nafasi ya kuchagua inaanza kuja, na kila inapokuja, kisingizio kinaondoka. Taifa linalosema "bado hatujashiba" lina haki ya kula. Lakini ni lazima kila mara liulize ni nani hasa anayekula. Kama umeme wa bwawa utaishia kwenye viyoyozi vya kina sisi na Mama Mkaa akabaki na magunia yake, basi tutakuwa tumejenga hapa petu, kwa udogo, dunia ile ile tunayoilalamikia.

Nilichelewa mno kwenda kumwomba radhi. Nilikwisha kustaafu, gari nilikwisha kuliuza, siyo kwa uchamungu bali kwa sababu pensheni haikuliweza. Nilimkumbusha yale maneno ya gengeni. Alikuwa ameyasahau, au labda alijifanya ameyasahau kwa kunistahi. Nikamweleza kwa urefu yote niliyoyawaza. Alisikiliza, akampimia mtoto kopo mbili, akapokea fedha, kisha akaniuliza: "Kwa hiyo, Mwalimu, niache au nisiache?"

Sikuwa na jibu. Akanisaidia. "Nikipata mtaji wa mitungi," alisema, "mkaa nautaka wa nini? Unanichafua nguo na kifua kinanibana."

Wakati huo nilikuwa na akiba kidogo niliyoiweka ninunue kiyoyozi cha chumbani, maana joto la Dar es Salaam la miaka hii si lile la ujana wangu. Nilimkopesha sehemu ya fedha hizo, bila riba, kwa maneno tu. Simwelezi msomaji jambo hili ili nisifiwe. Nalala na feni, na usiku mwingine najuta. Nalieleza kwa sababu ya kilichofuata.

Leo ukifika pale gengeni utakuta mitungi sita ya gesi upande wa kulia, imepangwa vizuri. Upande wa kushoto yako magunia ya mkaa, si mengi kama zamani, lakini yapo. Nilipomwuliza kwa nini hajayaondoa, alinionyesha kwa kidevu bibi mmoja aliyekuwa anakuja na sufuria yake tupu. Nasikia siku hizi kuna namna za kulipia gesi kidogo kidogo. Mtaani kwetu hazijafika. Gesi ya shilingi mia tano, Mama Mkaa hana. Mkaa wa shilingi mia tano anao.

Bibi yule alinisalimu, akajaziwa sufuria yake, akaenda kupika. Nilimtazama mpaka alipoingia uani kwake, na baada ya muda nikauona moshi ukipanda juu ya bati. Kwa mara ya kwanza sikujiuliza yeye anafanya nini. Nilijiuliza ni wangapi kati yetu tunaoweza kumpa njia nyingine, na tumekaa.